Taiti za kubana kwa wakimbiaji: nimepunguza sentimita 5 kila mahali, juu zinashuka na chini zinatia ganzi

FundiMwanjelwa, Mbeya

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa sare za shule, suti na magauni ya vitenge, yaani vitambaa ambavyo ukivikata sawasawa na kipimo vinakutii. Mwezi uliopita kikundi cha wakimbiaji wanaofanya mazoezi alfajiri kwenye miinuko iliyo chini ya mlima Loleza kiliniomba niwashonee taiti za kubana zinazofika kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu zile za mitumba wanazozipata sokoni nyingi zimeshalegea na mpya za dukani zina bei kubwa.

Nilinunua mita 6 za kitambaa cha laikra, yaani kile kinachovutika, nikampima kila mmoja kwa futikamba, kisha nikapunguza sentimita 5 kwenye kila kipimo ili nguo ibane. Kwa mfano, kijana mmoja ana paja la sentimita 55, kigimbi cha 36 na kifundo cha 22, hivyo nikamkatia 50, 31 na 17. Alipoivaa, juu ilikuwa ikishuka kila baada ya hatua chache, lakini chini vidole vilianza kufa ganzi kabla hajamaliza kilomita 3, na alipovua, alama ya pindo ilikuwa imechimbika kwenye ngozi. Mwenzake hata hakufika barabarani: aliinama kufunga kamba za viatu, mshono wa msamba ukafumuka wote. Nilishona kwa mshono wa kawaida ulionyooka na uzi ule ule ninaoshonea sare.

Naomba kujua nipunguze kiasi gani, nishone vipi, na je, ni kweli nguo hizi humwongezea mtu mbio? Wateja wananiuliza, nami sipendi kuwaahidi nisichokijua.

Mshonaji wa Gangilonga, Iringa

Kamwene, fundi. Nimeshona nguo za michezo kwa muda, na kosa lako nililifanya mimi pia, tena kwa timu nzima ya netiboli, kwa hiyo usijilaumu sana.

Tatizo la kwanza ni hizo sentimita 5. Ukiondoa 5 kwenye 55 umepunguza asilimia 9 tu, lakini ukiondoa 5 hizo hizo kwenye 22 umepunguza karibu asilimia 23. Kijana wako alivaa nguo mbili tofauti zilizounganishwa: juu suruali ya kawaida, chini kamba. Nguo ya kubana hupunguzwa kwa asilimia, na asilimia hiyo huipati kwa mteja bali kwenye kitambaa chenyewe. Weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, ukivute kwa nguvu ya wastani juu ya rula uone kinafika wapi, kisha ukishikilie kwa dakika moja hivi na ukiachie. Kikifika 16 au 17 bila kulalamika na kikarudi 10 kamili, kinafaa. Kikirudi 10 na nusu, kiache, kwa maana taiti yake itakuwa na magoti yaliyotuna baada ya mazoezi ya wiki moja. Pima upande wa mapana na upande wa urefu, kwa sababu vitambaa vingi huvutika zaidi upande mmoja, na upande huo ndio unaopaswa kuuzunguka mguu.

Kwa kitambaa kizuri cha nailoni chenye laikra ya asilimia 20 hivi, mimi ningemkatia kijana huyo kwa kupunguza asilimia 15 kwenye paja, 12 kwenye kigimbi na 10 kwenye kifundo, yaani nguo iliyokamilika iwe na takriban 46.8, 31.7 na 19.8. Juu ya hapo ongeza nafasi ya mshono. Ukiisahau, utakuwa umepunguza mara mbili. Urefu usiuguse sana, kwani taiti iliyo fupi huvutwa kuelekea chini kila mtu anapopiga hatua, na hiyo nayo huishusha kiunoni.

Kuhusu mshono: mshono ulionyooka hauna akiba ya uzi. Kitambaa kinarefuka, uzi haurefuki, basi uzi unakatika. Tumia ovaloki (mashine ya kushona kingo) ya nyuzi 4, na kwenye luperi zake, yaani kulabu zinazobeba nyuzi za chini, weka ule uzi laini wa nailoni uliovimba kama sufi. Kama ovaloki huna, zigizaga nyembamba itakufaa. Sindano iwe ya ncha ya duara, namba 11, kwa sababu ile kali hukata nyuzi za laikra na kuacha vitundu ambavyo huvioni hadi nguo ivutike. Legeza mguu wa cherehani, wala usikivute kitambaa unaposhona. Kikivutwa, mshono hutoka na mawimbi kama pindo la mkeka.

Msamba nao usiukutanishe kwenye mishono minne inayopishana katika nukta moja. Kata kipande cha umbo la almasi, chenye urefu wa kiganja hivi, ukipachike hapo, nayo mishono itasogea mbali na mahali panapovutika na kusuguana zaidi.

Mtaalamu wa viungo, Mafinga

Ninaunga mkono maelezo ya dada wa Iringa, na ningependa kueleza kwa nini vidole vilikufa ganzi, maana asilimia peke yake haimalizi hadithi.

Mgandamizo unaofika mwilini hutegemea mambo mawili: jinsi kitambaa kilivyovutika na unene wa kiungo kinachozungukwa. Kanuni hii hubeba jina la Laplace, mwanahisabati wa Kifaransa. Kitambaa kilichovutika sawasawa hubana zaidi kiungo chembamba kuliko kinene. Kwa hiyo hata kama ungepunguza asilimia ileile mguu mzima, kifundo cha 22 kingebanwa mara mbili na nusu ya paja la 55. Kwa hesabu yako ya sentimita 5, tofauti hiyo imefika takriban mara saba. Ndiyo sababu napenda ile asilimia 10 ya chini: mbano bado unapungua kuelekea juu, kama inavyotakiwa ili damu isaidiwe kupanda, lakini kifundo hakinyongwi.

Pindo la chini liwe bapa, bila lastiki ya ziada. Soksi za tiba za daraja la kwanza, kwa viwango vya Ujerumani, hubana milimita 18 hadi 21 za zebaki (kizio cha mgandamizo, kama kile cha shinikizo la damu) kwenye kifundo, na hutengenezwa kwa mashine zinazopimwa. Sisi tunaokata kwa mkasi hatuna kipimo hicho, kwa hiyo usiziuze kama tiba. Mteja mwenye kisukari kilichompunguzia hisia miguuni, au mwenye matatizo ya mishipa ya damu, mwelekeze kwa daktari kwanza. Kwa wengine, bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu uwe mweupe, kisha uachie: wekundu unapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 au 3. Mfanyie hivyo ndani ya nyumba, kwa sababu alfajiri ya Mbeya mwezi Juni kucha za kila mtu huchelewa.

Kuhusu mbio, matokeo ya utafiti kwa sehemu kubwa hayaonyeshi kwamba mtu huongeza kasi. Faida iliyo na ushahidi zaidi, nayo si kubwa, ni kupungua kwa maumivu ya misuli baada ya mazoezi magumu. Waambie hivyo hivyo.

Mkimbiaji wa Tukuyu

Mimi ni mvaaji tu. Fundi, ukiwakabidhi, waambie wasifue kwa dawa ya klorini, wasipige pasi, na waanike kivulini. Taiti yangu ya kwanza niliianika juu ya bati wiki nzima za kiangazi, ikawa inatoa sauti ya kukatika nikiivuta.

FundiMwanjelwa, Mbeya

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nimefanya lile jaribio la rula kwenye mabaki ya kitambaa changu: 10 ilivutika hadi 14 kwa shida, na nilipoachia ikabaki 10.6. Kwa hiyo hata ningekata vizuri, nguo zisingedumu. Nimemrudishia kijana fedha yake, naye amekubali kunisubiri hadi nipate kitambaa kingine, safari hii nikienda dukani na rula mfukoni. Mita 2 zilizobaki nitazishonea skintaiti za watoto wa kike, wavae chini ya sketi za shule baridi hii ikianza.