Naomba ushauri: nyimbo za katuni kwa mtoto anayeanza kinanda

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 8 na huu ni mwezi wa nne anajifunza kinanda. Nyumbani tunacho cha vibonye 61. Mkono wa kulia anasoma nota vizuri, wa kushoto bado mzito.

Shida ni kwamba anataka "Let It Go" ya Frozen (2013), hataki kingine. Nota zake zina flati nne (alama za kushusha nota nusu sauti, nyingi huangukia vibonye vyeusi)! Vidole vyake havifiki oktavu (vibonye vyeupe vinane), na akigusa kibonye cheusi kidole gumba kinateleza. Jumapili alikifunika kinanda akalia. Iliniuma sana, maana huyu huamka alfajiri apige kabla ya shule.

Nimeuhamishia wimbo kwenye ufunguo wa C (ngazi ya sauti isiyo na flati), kushoto nota moja tu kwa kila bari (fungu la mapigo). Sasa anaupiga, lakini anasema hausikiki kama wa kwenye filamu. Kinanda kina kitufe cha kuhamisha ufunguo: apige C, kitoe A flati, ufunguo wa kwenye filamu. Nikimzoesha hicho, nitamharibu?

Pia nafikiria "Remember Me" ya Coco (2017), ule upigaji wa taratibu kama wa kubembeleza mtoto. Mliofundisha watoto, ninyi mlianza na upi?