Naomba ushauri: kufundisha nafasi ya kielezi katika sentensi za Kiingereza
Ndugu walimu wenzangu, ninafundisha Kiingereza kidato cha pili, na kanuni kwamba kielezi hukaa baina ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, kama katika “You should always ask”, wanafunzi wameielewa bila taabu. Tatizo ni ukanushi. Huandika vizuri “He will probably come”, lakini wakikanusha hupata “He won't probably come”, ilhali kawaida kielezi hutangulia: “He probably won't come”. Kinachonitatiza zaidi ni “really”, kwa kuwa “I don't really know” hulegeza ukanushi na “I really don't know” huukaza, tofauti ambayo kwa maoni yangu haifundishiki kwa kanuni pekee. Je, nianze na mazungumzo ndipo tuyachambue? Aliyewahi kulifundisha jambo hili, naomba anieleze zoezi lililomfaa.