Re: Kilo au paundi? Mnasemaje huko mliko

Kutoka: Mgeni wa Columbus

Wanajamvi, habari za wikendi. Shikamooni wakubwa. Niko Ohio, bado mgeni mgeni. Kiingereza changu si kibaya, ila kikifika kwenye uzito kinakwama. Buchani nikisema "one kilo of goat" kijana ananitumbulia macho, kisha anauliza "how many pounds?" Kliniki nako wanauliza uzito wa mtoto: leo nesi anaandika kilo, kesho karatasi inatoka na paundi. Nishike lipi? Na sentensi zenyewe zikoje? Baba watoto akisema "I have 82 kilos" wanawe wanamcheka hadi machozi.

Kutoka: Nesi wa Minneapolis

Marahaba mdogo wangu, karibu. Waache wacheke, wana haki. "Nina kilo 82" ni Kiswahili safi, lakini Waingereza hawasemi mtu ana kilo, wanasema mtu anapima: "I weigh 82 kilos." Ukisema "I have 82 kilos" Marekani, msikilizaji anadhani una shehena umeificha mahali. Na kumbuka Wamarekani wengi neno kilo wanalisikia kwenye taarifa ya habari polisi wakiwa wamekamata unga, na si unga wa ugali.

Ukinenepa, "I've put on five kilos." Ukipungua, "I've lost five kilos." Usiseme "I reduced", ingawa watakuelewa. Halafu kuna ile s inayotusumbua sote: "two kilos of rice" ina s, lakini mfuko wenyewe ni "a two-kilo bag", haina. Paundi nayo vivyo hivyo, "five pounds of flour" ila "a five-pound bag". Ukiandika kifupi, kg inabaki kg hata ziwe elfu.

Sasa buchani. Hapo dada sahau kilo kabisa, labda muuzaji awe Msomali au mtu wa kwetu. Kilo moja ni paundi mbili na kidogo (2.2), kwa hiyo aliyezoea kununua kilo aombe "two pounds of goat, bone in, cut small" na familia itakula ileile. Bei usiikimbilie: dola 8 kwa paundi ni karibu dola 17.60 kwa kilo. Wengi wetu tukifika tunaiona nyama rahisi, kumbe ni nusu kilo isiyofika.

Kisha tazama mizani yake. Ikiandika 2.25 lb, hiyo ni paundi mbili na robo. Robo ya paundi ni aunsi 4, kwa sababu paundi moja ina aunsi 16. Kuna watu wanaisoma "paundi mbili na aunsi 25" na wanaanza kubishana na muuzaji bure. Ila uzito wa kichanga ndio hutajwa kwa paundi na aunsi: mtoto wa kilo 3.3 watakwambia "seven pounds four ounces". Ukipigiwa simu na jirani kajifungua, usitafute kikokotoo, mpe hongera tu.

La mtoto mgonjwa ndilo nataka ulisome mara mbili. Hospitalini tunapiga hesabu ya dawa za watoto kwa kilo, miligramu kadhaa kwa kila kilo ya mwili. Ndiyo maana mizani ya watoto nyingi siku hizi zimefungwa zisome kilo tu. Lakini chupa ya dawa ya homa unayonunua mwenyewe dukani, ile acetaminophen ya maji ya watoto (paracetamol yetu), jedwali lake liko kwa paundi. Chupa ya kawaida ina miligramu 160 katika mililita 5. Mstari wa paundi 24 hadi 35 unasema mililita 5, wa paundi 36 hadi 47 unasema 7.5. Mtoto wa kilo 15 ana paundi 33, yumo mstari wa kwanza. Sasa mtu akitaja "thirty-three" bila kusema thelathini na tatu za nini, na anayesikiliza akadhani ni kilo, dawa inazidi zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usitaje namba tupu hata siku moja: "She's fifteen kilos." Ukiwa kwenye simu, malizia: "Kilos, not pounds." Hawatakuona mshamba, watakushukuru. Na utumie kibomba kilichokuja na chupa, si kijiko cha chai. Ukiwa na wasiwasi, mfamasia yupo pale kaunta na haulizi hela kukujibu.

Kutoka: Mzee wa Leicester

Nesi kamaliza, ila mambo ya kwake ni ya Marekani. Huku Uingereza bidhaa za kupimwa zinauzwa kwa kilo kisheria tangu tarehe 1 Januari 2000. Muuza matunda mmoja wa Sunderland, Steve Thoburn, alitiwa hatiani mwaka 2001 kwa kuuza ndizi kwa mizani ya paundi, na nchi nzima ikagombana. Sema "half a kilo of mince, please" bila hofu. Kikongwe mbele yako kwenye foleni ataomba kwa paundi na atahudumiwa, hilo halikuhusu.

Kasheshe ni miili yao. Mwingereza anajipima kwa "stone", ambayo ni paundi 14, yaani kilo 6.35. Akikwambia "I'm twelve stone" ana kilo 76. Neno hilo halichukui s, usiniulize kwa nini. Kwa daktari wewe taja kilo zako, naye ataandika kilo.

Kutoka: Bi Mkubwa, Toronto

Sisi Kanada tuko njia panda. Kipeperushi cha supamaketi kinaandika bei ya kuku kwa paundi kwa herufi kubwa, ya kilo kwa herufi za sisimizi, halafu kaunta inapima kwa kilo. Jibini na nyama za kukatwa bei ni kwa gramu 100. Mimi husema "three hundred grams, please" na maisha yanaendelea. Uzito wa mwili watu wanataja paundi.

Kutoka: Mgeni wa Columbus

Asanteni sana, nimemsomea baba watoto, kanuna kidogo. Swali la mwisho: Desemba tunakwenda Dar. Tiketi inasema 23 kg, mizani yetu ya nyumbani ni ya paundi.

Kutoka: Nesi wa Minneapolis

Kilo 23 wanahesabu paundi 50, na 32 ni paundi 70. Pakia hadi paundi 48 uishie hapo, mizani za nyumbani zina uongo wake. Pale kaunta wakisema limezidi, usibishane, uliza "How many pounds over?" halafu fungua begi hapohapo uhamishe viatu kwenye la mkononi. Na ukinunua mizani ya kuning'iniza, angalia kitufe cha kubadilisha kg na lb kabla hujaanza kupima, watoto huwa wanakichezea.