Igombe hadi Kayenze kwa miguu na hema, mwezi wa vuli: msaada

Mguu_Mkavu
Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu, tunataka kufuata ukingo wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, kutoka Igombe kuelekea Kayenze, tulale siku mbili njiani, Novemba. Tunajua mvua itakuwa imepamba moto, ndiyo likizo tuliyopata. Hema letu lina vigingi vya kawaida. Kwenye mawe yale lipigwe wapi, na tutembee saa ngapi? Maji ya kunywa je?

Nanga
Karibu mkuu. Anza na saa, maana ziwa hili lina ratiba yake. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, upepo unatoka pande zote za ziwa, unakutana katikati na kupanda juu. Ndiyo maana dhoruba za ziwani huiva usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana upepo unageuka, na kuanzia alasiri mawingu yanajijenga juu ya vilima. Kwa hiyo msing'oe hema gizani eti muwahi. Subirini muone anga la ziwani, tembeeni kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, saa tisa hema liwe limesimama. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) usomeni ule wa ziwa wenye upepo na mawimbi, wa mji pekee hautoshi.

Hema sasa. Jabali halinywi maji, mvua ikilipiga kichwani yote inashuka chini kwa dakika chache. Kabla hujatandika, tazama uso wa jiwe: ile michirizi myeusi inayoshuka kutoka juu ndiyo mifereji yake, weusi wake ni vijimea vinavyoota panapopita maji. Usilale chini ya mchirizi hata kama mchanga wa hapo ni laini na mkavu. Mchanga huo umeletwa na maji hayohayo.

Upande wa ziwa, tafuta mstari wa magugu maji makavu na makombe ya konokono, hapo ndipo mawimbi yaliishia. Panda hatua thelathini au zaidi kutoka mstari huo. Ukiona njia pana inayotoka majini na nyasi zake zimekatwa fupi kama za kiwanja, hama kabisa: kiboko hutoka kula usiku.

Vigingi havishiki mchangani. Bebeni mifuko sita ya salfeti. Kila mmoja mjaze mchanga nusu, funga kamba katikati, fukia sentimita 30 hadi 40, kamba itoke ikiwa imelala na si wima. Palipo jiwe tupu fungeni kwenye jiwe lenyewe, ila kila kona inayogusa kamba ipate kipande cha gunia. Upepo ukichezesha kamba usiku kucha, jabali linaikata kama msasa.

Kokoto
Naongeza radi. Mvua ikimkuta mtu kati ya mawe, anakimbilia chini ya jiwe lililoegemea. Hapo ni pabaya sana: umeme ukipiga jiwe unaweza kuruka uwazi wa mdomo wa pango, na aliyesimama pale anakuwa daraja lake. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa tatu, unapata kilomita. Chini ya sekunde 30, ondokeni juu ya majabali na pembeni mwa maji, mkae mbalimbali. Hema na banda la nyasi havikingi radi. Nyumba ya ukuta au gari lililofungwa vinakinga. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Na mkifika mtaa wowote, mwoneni mwenyekiti kwanza, kisha ulizeni mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, njia za kutokea barabarani. Ziandikeni kabla ya mvua.

Mama_Dagaa
Maji ya ziwa yachujeni kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, kisha yachemke kwa nguvu dakika moja. Kwa mwinuko wa ziwa hili, mita 1,134 hivi, inatosha. Dawa ya klorini kwenye maji yenye tope nguvu yake inaisha kwenye tope. Na kichocho kinaingia kwa ngozi, hata msipokunywa tone: msivuke kwenye matete wala midomo ya vijito. Mkiloa, jifuteni papo hapo, ingawa hiyo si kinga kamili, na mwende mkapime baada ya wiki sita hadi nane.

Mguu_Mkavu
Asanteni sana. Gambuti au raba? Na begi likinyeshewa?

Nanga
Raba yenye soli laini. Gambuti likijaa maji ni mzigo, na soli yake ngumu inateleza. Jiwe la kijivu lenye chenga linashika hata likiwa limelowa. Mkanda wa kijani au mweusi karibu na maji msiukanyage. Begi livisheni nailoni nene ndani, shingo isokotwe, ikunjwe, ifungwe. Kifuniko cha nje hupeperushwa na upepo. Nguo za kulalia na kiberiti viwe kwenye mfuko wao.

Mama_Dagaa
Mkikuta kona ambayo mawimbi yanapiga jabali, pandeni juu mzunguke. Msiombe mtumbwi uwavushe wakati huo, hata kama una majaketi okozi.