Miguu ya Mama: gumzo la kikundi cha ukoo

Jumapili, saa 1 usiku

Neema: Shikamooni wakubwa zangu. Naomba ujumbe huu msiupite. Leo Mama nusura aanguke mlangoni mwa bafu. Alikuwa ameinuka tu kitandani, akasema nyumba inazunguka, nikamdaka. Sasa amekaa, yuko sawa.

Shangazi Salome: Marahaba mwanangu. Mungu wangu! Hakujigonga?

Neema: Hakujigonga Shangazi. Ila siwezi kunyamaza tena. Huu ni mwezi wa tatu miguu inavimba. Asubuhi afadhali, jioni kiatu hakiingii. Mishipa ya vigimbi imetutumka kama kamba. Na hiki kizunguzungu kina kama wiki 6 sasa.

Neema: Tumeshaonana na madaktari watatu. Wa kwanza alisema ni umri. Wa pili akaandika vidonge vya kutoa maji. Wa tatu akatazama mishipa, akasema tununue soksi za kubana. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kama mambo haya matatu ni ugonjwa mmoja au ni vitu tofauti.

Mjomba Elia: Pole sana dada. Neema, usinifiche, huo ni moyo. Marehemu baba yetu alianza na miguu hivi hivi.

Baraka: Mjomba, tafadhali. Mama yumo humu anasoma.

Mama: Nasoma. Kaka yangu kasema ninachokiwaza kila usiku, mwacheni aseme. Nataka kujua tu kama ni moyo.

Shangazi Salome: Pole wifi yangu. Hebu loweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, huwa inanywea.

Tumaini: Shikamoo Mama mkubwa, shikamooni wote. Ndio natoka zamu wodini. Kabla ya yote naomba majibu ya haraka. Anapumua vizuri? Kifua kinauma? Mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, una joto au unauma? Uso au mikono imevimba? Amewahi kupoteza fahamu kabisa?

Neema: Anapumua vizuri. Kifua hakiumi. Yote miwili imevimba, wa kushoto umezidi kidogo sana, hauna joto wala hauumi. Uso hapana. Hajawahi kuzimia.

Tumaini: Sawa, basi tunaweza kuongea. Lingekuwepo hata moja kati ya hayo ningewaambia mwondoke usiku huu huu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani, na bonge lile likikatika huenda hadi mapafuni. Hilo halisubiri kupambazuka.

Tumaini: Neema, mbonyeze kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa ugoko, juu kidogo ya kifundo. Hesabu 10, kisha uachie.

Neema: Kimebaki kishimo. Kinajaa polepole sana.

Tumaini: Analala na mito mingapi? Anaamka usiku akitafuta pumzi? Mkojo una povu jingi lisilokatika? Na mishipa iliyotutumka ni ya miguu tu, au hata shingoni, kifuani, tumboni?

Mama: Mto mmoja, Tumaini. Usiku naamka kwenda kukojoa tu. Povu sijaliona. Mishipa ni ya miguu. Na hiyo si mipya baba, ilianza nilipokuwa na mimba ya Baraka. Miaka 31 nimesimama mbele ya ubao nafundisha, ikazidi.

Tumaini: Ahsante Mama mkubwa. Hilo la kwamba si mipya halijaandikwa popote, sivyo?

Mama: Hakuna aliyeniuliza.

Tumaini: Nieleze kwa nini nauliza. Mshipa wa shingo ukibaki umejaa mtu akiwa amekaa, tunahofia upande wa kulia wa moyo. Mishipa ikichora kifuani huku uso na mikono vimevimba, kuna kitu kinabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka juu. Ikitokeza tumboni kuzunguka kitovu, tunatazama ini. Ya miguu mara nyingi ni vali ndogo ndani ya mishipa zimelegea. Damu ya mguuni hupanda juu kwa kusukumwa na misuli ya kigimbi, na vali ndizo zinazoizuia isirudi chini. Zikilegea inarudi na kutuama, mshipa unapanuka. Mimba na kusimama miaka mingi huchangia.

Tumaini: Shangazi, maji ya moto hupanua mishipa, yanaweza kuongeza uvimbe. Na chumvi haivuti maji kupitia ngozi. Samahani kukupinga.

Shangazi Salome: Hapana baba, sema. Mimi nilisikia tu.

Baraka: Kwa hiyo ni vali? Si moyo?

Tumaini: Sijui bado, na hapa kwenye simu hakuna atakayejua. Moyo, figo, ini na tezi ya shingo lazima vipimwe. Ila kizunguzungu hakitoki kwenye vali za miguu peke yake hivi hivi. Neema, mashine ya presha ipo? Alale dakika 5, mpime. Asimame, mshike, mpime baada ya dakika 1, halafu dakika 3.

Saa 2 kasorobo

Neema: Amelala 138/82. Dakika ya kwanza amesimama 112/70, akasema kichwa chepesi. Ya tatu 114/72.

Tumaini: Mnaona? Namba ya juu imeshuka 26. Ikishuka 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hiyo ni presha ya kushuka ukisimama. Ndiyo inayomwangusha. Akikaa kwa daktari kitini anapimwa yuko vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeiona.

Tumaini: Sasa naomba picha ya dawa ZOTE. Za hospitali, za dukani, za kuchua, za mitishamba, zilizopo droo ya kitanda. Zote.

Neema: (picha) Amlodipini ya presha, miligramu 10. Furosemidi ya kutoa maji, 40. Vidonge vya madini ya chuma. Basi.

Mama: Na zile za magoti.

Neema: Zipi Mama?

Mama: Zipo kwenye mkoba wangu. Diklofenaki. Nameza mbili kwa siku, tangu mwaka jana. Sikusema kwa sababu yule daktari wa mwanzo aliwahi kunigombeza kwamba najitibu. Lakini magoti yanauma Tumaini, bila zile siwezi kushuka ngazi.

Baraka: Mama...

Tumaini: Baraka, ngoja. Mama mkubwa, ahsante kwa kutuambia. Umesema neno kubwa kuliko yote ya leo, na hakuna atakayekugombeza. Dawa za maumivu za aina hiyo hufanya figo zishikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na zikichanganywa na za kutoa maji figo hubanwa zaidi. Hizo ulizonunua mwenyewe zipumzishe kuanzia leo. Parasetamoli unaweza kutumia kwa kipimo kilichoandikwa hadi uonane na daktari. Maumivu ya magoti nayo yatatajwa huko, yasibaki siri.

Tumaini: Neema, kadi ya kliniki iko hapo? Amlodipini ilipandishwa lini kutoka 5?

Neema: Tarehe 4 Februari. Furosemidi imeandikwa 26 Machi.

Tumaini: Na miguu ilianza lini hasa?

Neema: Kati ya Februari na Machi, sina uhakika.

Baraka: Nimepandisha humu juu. Tazameni picha za siku ya kuzaliwa ya mjukuu, tarehe 22 Februari. Mama amekaa kiti cha kushoto, kifundo hakionekani kabisa. Sasa tazameni za Januari, mifupa inaonekana.

Tumaini: Baraka umefanya kazi ya daktari. Pangeni sasa: 4 Februari kidonge kinapanda. Wiki mbili na nusu miguu imejaa. Machi inaongezwa dawa ya kutoa maji. Aprili kinaanza kizunguzungu.

Mjomba Elia: Unasema dawa ya presha ndiyo inayovimbisha?

Tumaini: Inawezekana kabisa, Mjomba. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, ila ile inayorudisha hailegei kwa kiasi hicho. Msukumo unazidi kwenye vile vijimshipa vyembamba katikati, maji yanavuja kuingia kwenye nyama za mguu. Katika majaribio ya dawa yenyewe, uvimbe ulitokea kwa watu kama 3 kati ya 100 waliomeza miligramu 5, lakini kwa miligramu 10 walikuwa karibu 11. Wanawake zaidi ya wanaume. Na mwenye vali zilizolegea tayari hana pa kuyapitishia maji hayo.

Tumaini: Sasa sikilizeni hapa. Uvimbe wa namna hiyo si maji yaliyozidi mwilini, ni maji yaliyohama mahali pake. Ukimpa dawa ya kutoa maji, unakausha damu yenyewe na miguu inabaki vile vile. Akisimama, damu haitoshi kufika kichwani. Kidonge cha pili kiliandikwa kutibu madhara ya cha kwanza, nacho kimeleta yake. Nimeiona wodini mara nyingi na inaniuma kila mara, kwa sababu mgonjwa ndiye anayeambiwa amezeeka.

Baraka: Basi aache zote usiku huu.

Tumaini: HAPANA. Presha ikiruka ghafla tutakuwa tunazungumzia kiharusi. Na kama moyo kweli una tatizo, ile furosemidi ndiyo itakuwa inamsaidia. Kesho asubuhi anaonana na daktari, daktari ndiye abadilishe. Usiku wa leo: akitaka kuinuka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo, kisha asimame ameshika kitu. Neema lala chumba kimoja naye.

Tumaini: Soksi za kubana pia zisubiri. Kabla ya kubana mguu lazima ijulikane damu inashuka vizuri hadi vidoleni. Mguu wenye mishipa iliyoziba ukibanwa unaweza kufa ngozi.

Shangazi Salome: Sasa kesho akifika atasema nini? Dakika tano zile zile.

Tumaini: Karatasi moja. Juu kabisa tarehe nne zile, kwa mpangilio ule. Chini presha ya kulala na ya kusimama. Dawa zote pamoja na diklofenaki. Mishipa ni ya tangu ujauzito. Halafu swali moja tu: "Je, uvimbe huu unaweza kuwa unatokana na dawa, na tutahakikishaje kwamba si moyo wala figo?" Neema uisome kwa sauti, usimpe aiweke mezani.

Mama: Nitaisoma mwenyewe. Mimi ndiye mwalimu.

Jumatatu, saa 11 jioni

Neema: Tumerudi. Mama alisoma karatasi yote amesimama, daktari akamwomba akae halafu akaisoma tena yeye. Alimlaza kitanda kikiwa kimeinuliwa kidogo, akatazama mshipa wa shingo kwa muda mrefu, akasema haujajaa. Mkojo hauna protini. Kipimo cha umeme wa moyo hakina kasoro. Ultrasaundi ya mishipa ya miguu: hakuna bonge la damu. Vali za mguu wa kushoto zinavujisha, damu inarudi chini. Mapigo ya miguuni yapo vizuri.

Neema: Damu: wingi wa damu, ini na albumini, ile protini ya damu, ni sawa. Kreatinini, kile kipimo cha figo, imepanda kidogo. Akasema diklofenaki na furosemidi pamoja zinaweza kuwa ndio chanzo, atapima tena. Cha tezi majibu keshokutwa. Ultrasaundi ya moyo ni Alhamisi.

Neema: Amerudisha amlodipini 5. Furosemidi amesitisha, ila Mama apimwe uzito kila asubuhi, na akianza kuhema au uzito ukipanda haraka turudi siku hiyo hiyo. Losartani, dawa nyingine ya presha, anafikiria kuiongeza figo zikitulia, akasema hupunguza uvimbe wa amlodipini. Ikianza, figo na potasiamu zipimwe ndani ya wiki 2. Magoti amempeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo.

Mjomba Elia: Nimeisoma mara mbili. Tumaini, mimi pia niko kwenye amlodipini 10 tangu mwaka juzi. Soksi zinaniachia alama. Nilikuwa nasema ni uzito.

Tumaini: Mjomba usiguse kidonge. Andika lini kilipandishwa na lini alama zilianza, nitumie leo. Tutakwenda pamoja.

Baada ya siku kumi

Neema: Presha ya kulala 136/80, ya kusimama 128/78. Hajapata kizunguzungu siku nne. Kishimo cha kidole bado kipo ila kifupi.

Baraka: Na moyo?

Neema: Nilisema nisubiri aandike mwenyewe.

Mama: Moyo unasukuma vizuri. Yule aliyekuwa anapima alinionyesha kwenye kioo, nikauona unafunguka na kufunga. Nililia pale kitandani, akadhani ameniumiza.

Mjomba Elia: Dada yangu.

Shangazi Salome: Wifi, na mimi nalia huku.

Mama: Tumaini, kifundo cha kushoto bado kinajaa jioni. Hiyo ndiyo ile ya vali?

Tumaini: Huenda ndiyo hiyo, Mama mkubwa. Sasa soksi zina nafasi yake, lakini zipimwe mguuni asubuhi kabla hujavimba, na avalishaye akufundishe. Ukijilaza, inua miguu ipite usawa wa kifua. Tembea nyumbani kila saa hata dakika chache, kigimbi kifanye kazi. Vipimo vya figo ni lini?

Mama: Jumanne saa 3. Elia amesema atanipeleka, naye anakwenda na karatasi yake.