Naomba ushauri: binti yangu amekuwa mkimya tangu aanze bweni

Habari zenu wazazi na walimu, wakubwa shikamooni.

Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza kwenye shule ya bweni ya masista. Msingi alisoma shule ya serikali, masomo kwa Kiswahili, na alimaliza akiwa wa pili darasani. Sasa kila kitu ni Kiingereza, wenzake wengi wametoka mchepuo wa Kiingereza, na akikosea kujibu wanamcheka. Muhula wa kwanza hisabati alipata 71, baiolojia 28. Likizo ya Juni nilimuuliza yaleyale ya baiolojia kwa Kiswahili, akajibu vizuri kabisa.

Alama zinaniuma, lakini ukimya wake unaniuma zaidi. Siku ya kutembelea wanafunzi hata pilau niliyompelekea hakuigusa. Alichangamka tu aliponisimulia kwaya na mikutano ya TYCS (chama cha wanafunzi vijana Wakatoliki Tanzania), maana huko wanaongea Kiswahili.

Mwalimu wa darasa kaniambia atazoea. Nimemnunulia kamusi na vitabu vya hadithi nyepesi. Baba yake anataka tumhamishie shule ya kutwa Januari. Mimi nasita, kwani huko nako lugha ni hiyohiyo, na kidato cha pili kuna mtihani wa taifa.

Naomba kwa waliopitia haya: suala la kuchekwa nilipeleke kwa sista mlezi wa bweni au moja kwa moja kwa mkuu wa shule, bila mtoto kuonekana mchongezi? Na je, mtoto wa namna hii kumhamisha kulimsaidia?