Kuhesabu kalori au kukata wanga: nichague ipi?

Fundi Saa:
Wakuu, habari za jioni. Nataka kupunguza uzito na nimejipa hadi mwisho wa mwezi niwe nimeamua. Kuna mkufunzi wa lishe mtandaoni anauza mpango wa kukata wanga, shilingi 120,000 kwa mwezi: hakuna ugali, wali, chapati, mihogo wala ndizi. Mke wangu anasema hela hiyo ninunue mizani ndogo ya jikoni, niweke programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, nile chakula chetu kilekile kwa kipimo. Ipi inafanya kazi? Nawasilisha.

MamaPacha:
Mleta mada, taarifa hazitoshi. Una kilo ngapi, urefu na umri? Mchana unakula wapi? Kuna dawa yoyote unatumia? Hilo la dawa ndilo la kwanza kujibu.

Dagaa Kavu:
Kata wanga, mkuu. Niliacha soda na ugali wa usiku, nikabaki na mayai, samaki, mchicha na parachichi, kitambi kikaisha. Protini na mafuta vinashibisha, huwezi kushinda unafikiria chakula. Hao wa kalori wanapima hadi karanga, maisha gani hayo?

Mwalimu Hesabu:
Dagaa Kavu, ulipoacha soda na ugali wa usiku ulipunguza kalori, hata kama hukuzihesabu. Halafu wiki za mwanzo sehemu kubwa ya kinachoondoka ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji ya gramu 3 hivi. Akiba ikiisha, maji nayo yanatoka, mizani inashuka haraka, na mkufunzi anapata picha za kutangazia biashara.

Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu wanga. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka.

Dagaa Kavu:
Na hao watu 609 waliambiwa wahesabu kalori?

Mwalimu Hesabu:
Hapana, hawakupewa kikomo cha kalori. Wote waliambiwa wale mboga nyingi, waache sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa. Hapo una hoja, nakubali.

Mwana wa Sinia:
Mimi nina swali la kweli. Nyumbani tunakula sinia moja, watu sita, kila mtu anamega. Nitahesabu vipi? Niombe sahani yangu pembeni mbele ya baba mkwe?

Mwalimu Hesabu:
Pima unga kabla ya kusonga. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi ni kalori kama 360, na maji hayaongezi kitu. Ukishajua ugali wote umebeba kalori ngapi, unakadiria tonge zako. Kinachoumiza zaidi ni mafuta: kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120, na mchuzi wa mama ntilie huwezi kujua umetiwa vijiko vingapi.

Fundi Saa:
Samahani kwa kuchelewa. Miaka 46, kilo 104, urefu sentimita 171. Kazi ya kukaa. Mchana nakula kwa mama ntilie. Nina sukari, natumia metformin na glimepiride ya asubuhi. Mkufunzi hakuniuliza.

MamaPacha:
Usianze chochote kabla hujaonana na daktari wako. Nakuomba.

Mama yangu yuko Morogoro, alikuwa anatumia glibenclamide, ni ndugu wa hiyo glimepiride yako. Akaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kukata wanga. Akaacha uji, akaacha ugali, vidonge akaendelea navyo vilevile. Hizo dawa zinasukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, hata kama hujala. Asubuhi moja mdogo wangu akamkuta amelowa jasho, anatetemeka, anamwita kwa jina la marehemu shangazi. Jirani akasema ni malaria imepanda kichwani. Bahati nzuri kipimo cha sukari kilikuwepo ndani: 2.3, imeshuka mno. Alikuwa bado anaweza kumeza, wakampa maji ya sukari, akarudi. Hospitali wakamlaza kwa sababu dawa ile inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena, na kweli usiku ilishuka akiwa kwenye dripu. Kiongozi wa kundi alipoulizwa, akamtoa mama kwenye kundi.

Leo bado anakula wanga kidogo, tena imemsaidia, lakini daktari alipunguza dawa KWANZA. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari hivyo. Hiyo ya asubuhi ndiyo ya kuuliza.

Dagaa Kavu:
Pole sana dada, mama aendelee vizuri. Kwa mwenye sukari naunga mkono, daktari kwanza. Ila bado nasema kwa mgonjwa wa sukari kupunguza wanga kuna mantiki kuliko kuhesabu.

Bibi Shamba:
Mbona hamsemi bei? Mayai, samaki na parachichi kila siku kwa familia ya watu sita, nani anaweza? Maharage na dagaa ndivyo vinavyotufaa.

Dagaa Kavu:
Maharage ni wanga, bibi.

Bibi Shamba:
Maharage yana protini, nimelea watoto saba kwayo!

Mwalimu Hesabu:
Yana vyote viwili, na nyuzinyuzi nyingi, ndiyo maana hayapandishi sukari kwa kasi ya sembe. Mimi nisingemnyima mtu maharage.

Mwana wa Sinia:
Basi na dona je? Kalori zake ni tofauti na sembe?

Mwalimu Hesabu:
Karibu sawa. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, unashiba mapema.

Bibi Shamba:
Dona ya kusaga mwenyewe, si ya dukani. Ya dukani wanachanganya.

Fundi Saa:
Nimewasoma wote, asanteni. MamaPacha, kliniki yangu ni Alhamisi, nitaenda na vidonge vyote mkononi. Mkufunzi sijamlipa. Mizani ya jikoni Kariakoo wanauza mtaa gani?

Mwana wa Sinia:
Bibi, wanachanganya na nini?